Kabla ya kukodi boti ya kuzuru visiwa vya Lamu, tazama mwezi



Kila likizo ya Desemba ikikaribia, simu yangu haitulii. Ni jamaa na marafiki wa Mombasa, Kilifi na Malindi wanaotaka kutembea kisiwa hadi kisiwa huko Lamu: Manda, Pate, Ndau mpaka Kiwayu. Mimi hufurahi, kwani kwa muda mrefu visiwa hivi tumewaachia wageni wa ng'ambo wavijue kuliko sisi wenyewe. Lakini swali lao la kwanza huwa ni lile lile: "Boti ni pesa ngapi?"

Hilo ni swali la tatu. La kwanza ni upepo, na la pili ni maji. Anayeanza na bei hupata boti ya rahisi siku ambayo bahari haiku radhi naye, na hapo ndipo familia huingizwa hatarini bila sababu.

Tuanze na upepo. Kaskazi huvuma takriban kutoka Desemba hadi Machi. Bahari ya nje hutulia, maji huwa safi, na mwenye kutaka kuona samaki na matumbawe huwaona. Kusi huanza na mvua za Aprili na Mei, kisha huvuma kwa nguvu mwezi wa Juni na Julai. Agosti, watoto wanapofunga shule, kusi bado ipo. Hii haina maana kwamba safari ya Agosti haiwezekani. Maana yake ni kwamba ubaki ndani ya mikondo iliyokingwa: Lamu mjini, Matondoni, Kipungani, Takwa. Kiwayu iache mpaka kaskazi. Na ukija kwa gari wakati wa mvua, kumbuka kwamba Mto Tana ukifurika hukata barabara karibu na Gamba, nawe hutafika hata Mokowe.

Sasa maji. Hapa ndipo wengi wetu, pamoja na kuzaliwa pwani, tunapohitaji kukumbushwa yale ambayo wazee walikuwa wakiyahesabu kwa vidole. Tofauti kati ya maji kujaa na maji kupwa wakati wa bamvua hukaribia mita 3. Njia za ndani za visiwa hivi ni za mikoko na matope. Maji yakipwa, njia hakuna. Mkondo wa Mkanda, unaopita kati ya Manda na bara na ndio njia ya mkato ya kwenda Pate, hupitika vizuri maji yakiwa yamejaa. Yakitoka, nahodha ana mawili: asubiri, au azunguke Manda kwa nje, penye mawimbi makubwa. Magofu ya Takwa nayo hufikiwa kwa kijito cha mikoko ambacho maji yakipwa hubaki tope tupu.

Jambo la kufurahisha ni kwamba jedwali la maji tunalo nyumbani. Ni ile kalenda ya Kiislamu iliyotundikwa ukutani. Bamvua hufuata mwezi mwandamo na mwezi mpevu, yaani siku za mwanzo wa mwezi na zile zinazofuata tarehe 14. Siku hizo maji hujaa sana baada ya saa kumi, alfajiri na jioni, na hupwa sana kwenye saa nne na nusu asubuhi. Kila siku ipitayo, saa ya kujaa husogea mbele kwa wastani wa dakika 50. Kwa hivyo tarehe 8 ya mwezi wa Kiislamu maji hujaa karibu na saa nne na nusu au saa tano asubuhi. Hizo ni siku za maji mafu, ambapo maji hayajai sana wala hayapwi sana.

Chukua hesabu hiyo uitie katika safari. Ukianza tarehe 1 ya mwezi, asubuhi unayotaka kwenda Takwa utakuta tope. Utasubiri mpaka alasiri, utaingia maji yakijaa, na utarudi na giza. Ukianza tarehe 8, mambo hujipanga yenyewe. Mimi huwapangia watu hivi.

Tarehe 8, toka Lamu saa tatu asubuhi uende Takwa na maji yanayojaa. Mji huu ulikaliwa kati ya karne ya 15 na ya 17, na msikiti wake una nguzo iliyosimama juu ya ukuta wa kibla. Ondoka kabla maji hayajakupa kisogo, ukalale Shela au Lamu mjini.

Tarehe 9, maji hujaa karibu na saa tano na nusu. Pita Mkanda muda huo, ushukie Mtangawanda katika kisiwa cha Pate. Tembelea mji wa Pate na magofu ya enzi za Wanabahani, yaliyozungukwa na mashamba.

Tarehe 10 ni ya nchi kavu. Kwa miguu au kwa pikipiki, nenda Siyu. Huu ndio mji ulioyashinda majeshi ya Seyyid Said katika miaka ya 1840 chini ya Bwana Mataka, mume wa Mwana Kupona, yule mtunzi wa utendi. Siyu ilikuwa mji wa wanazuoni, na misahafu iliyonakiliwa kwa mkono huko bado inasifiwa. Mwenye miguu mizuri atembee mpaka Shanga, ambako mwanaakiolojia Mark Horton alichimba katika miaka ya 1980 na kukuta, chini ya msikiti wa mawe, mabaki ya misikiti midogo ya tangu karne ya 8. Kisha elekea Faza ulale.

Tarehe 11, maji hujaa baada ya saa saba mchana. Panda boti Faza au Kizingitini, pitia Ndau, mwisho Kiwayu, ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Kiunga iliyotengwa mwaka 1979. Tarehe 12, maji hupwa asubuhi mapema, na huo ndio wakati wa kutazama miamba. Tarehe 13, ondoka Kiwayu asubuhi ili ufike Mkanda kwenye saa nane au saa tisa, maji yakiwa mengi, na uwe Lamu kabla ya Magharibi. Isitoshe, siku zote hizo jioni ina mbalamwezi.

Usinakili ratiba hii ukaifuata ukiwa umefumba macho. Wazee walisema usisafirie nyota ya mwenzio. Mpigie nahodha wa huko, mtajie tarehe ya mwezi, naye atakusahihisha kulingana na uzito wa boti na hali ya upepo. Nahodha asiyejali swali la maji, mwache.

Hapo ndipo tufike kwenye bei, nami huuliza maswali manne. Mafuta ni ya nani, yangu au yako? Kusubiri kisiwani kunalipiwa? Chombo kimekaguliwa na KMA, mamlaka inayosimamia usafiri wa baharini? Na majaketi ya kuokoa maisha yapo mangapi, na ya watoto yapo? Jaketi la mtu mzima akivishwa mtoto humvuka akiingia majini. Nimeshuhudia boti ambayo majaketi yake yamefungwa kamba chini ya benchi, eti yasichafuke. Jaketi livaliwe kabla ya kamba ya gatini kufunguliwa, na mama wa buibui alivae juu ya buibui lake bila haya. Tusifanye tawakali kuwa kisingizio, kwani tumefunzwa tumfunge ngamia kwanza.

Kuna mambo ya upande wa wenyeji pia. Maji ya kunywa ni shida katika visiwa vya kaskazini. Watu wa Pate, Ndau na Kiwayu hutegemea sana maji ya mvua yanayohifadhiwa katika majabia. Kundi la watu kumi likioga kwa maji ya jabia siku mbili, kuna nyumba itakayokosa. Beba maji yako kutoka Lamu, na uoge kwa kibuyu. Taka za plastiki ulizokwenda nazo, rudi nazo. Beba pesa taslimu, kwani benki umeziacha nyuma. Chakula nunua huko huko: samaki wa mvuvi, mkate wa mama wa Faza, nazi ya shamba la Pate. Safari ya aina hii ndiyo inayoacha shilingi mkononi mwa mwenye kisiwa. Na kabla ya kuvuka Faza kwenda kaskazini, uliza hali ya usalama kwa wenyeji na kwa kituo cha polisi, kwa sababu unakaribia mpaka wa Somalia na hali hubadilika. Ukiambiwa usiende, usiende. Siyu na Pate zinatosha kujaza wiki.

Mwisho, wachukue watoto. Wasikie Kiamu, Kipate, Kisiu na Kitikuu vikipokezana kutoka gati hadi gati, na wajue kwamba Kiswahili chao kina nyumba nyingi. Wape kazi moja: kila usiku watazame mwezi na wakwambie kesho maji yatajaa saa ngapi. Mtoto anayeweza kujibu swali hilo hatapanda chombo ovyo akiwa mtu mzima.