Neno "Akili" na Matumizi Yake katika Elimu ya Nafsi

Waandikao elimu ya nafsi kwa Kiswahili hulitumia neno akili kwa maana tatu zisizopambanuliwa: uwezo wa kufikiri, tendo lenyewe la kufikiri, na alama aipatayo mtu katika mtihani. Maana hizi zikichanganywa, si lugha tu ipotokayo. Mtoto naye huhukumiwa kwa kosa la neno.

Lugha yenyewe imekwisha kutupa njia ya kupambanua. Fikira ni zao la kufikiri. Maarifa ni yale mtu aliyokwisha kuyajua. Busara, ambayo asili yake ya Kiarabu yahusu kuona, ni kutambua lipasalo kutendwa. Wahenga walisema, "Akili nyingi huondoa maarifa." Methali hii isingekuwa na maana kama akili na maarifa vingekuwa kitu kimoja. Tena husemwa, "Akili ni nywele, kila mtu ana zake." Msomaji atazame upatanisho: zake, si yake. Hapa akili ni nyingi, nazo hutofautiana kwa namna. Si kitu kimoja kinachozidi kwa huyu na kupungua kwa yule.

Mtihani una historia nyingine. Mwaka 1905 Alfred Binet na Théodore Simon walitunga huko Paris maswali 30 ili kuwatambua watoto waliohitaji mafunzo ya pekee. Mwaka 1912 William Stern wa Ujerumani alishauri umri wa akili ugawanywe kwa umri wa miaka. Na mwaka 1916 Lewis Terman wa Marekani akazidisha jibu kwa 100. Hivyo mtoto wa miaka 10 aliyejibu kama wa miaka 8 alipewa 80. Hesabu hiyo sasa imeachwa. Mtu hulinganishwa na watu wa rika lake, wastani ukiwa 100. Lakini kwa njia zote mbili tarakimu huonyesha jinsi alivyoyajibu maswali yale akilinganishwa na wengine, basi. Mwenye 80 hakupungukiwa na sehemu ya tano ya akili zake.

Kwa hiyo twapendekeza uwezo uitwe akili, tendo liitwe kufikiri, na tarakimu iitwe alama ya mtihani wa akili, wala isiitwe akili kamwe. Mwalimu aandikaye katika taarifa ya mtoto, "Akili yake ni 80," amesema asilolijua. Aandikaye, "Alama yake katika mtihani ni 80," amesema kweli, na mlango wa kumfundisha mtoto huyo ungali wazi.