Kompyuta Isomapo Hesabu ya Mchezaji

Baina ya Mkoani na kisiwa cha Makoongwe, kusini-magharibi ya Pemba, maji hupwa na kujaa mara mbili kwa siku. Ichukuliwe kwamba wanafunzi wameunda mchezo wa kompyuta unaoiga safari ya jahazi huko, na mchezaji aandika mwenyewe kanuni ya kina cha maji juu ya mwamba:

kupwa + kasi * saa

Alama * ni ya kuzidisha. (Bahari halisi haipandi kwa kasi moja, huenda upesi zaidi katikati ya kujaa. Hapa jambo hilo laachwa kando.)

Kwa kompyuta, mtajo huo ni mfululizo wa herufi tu. Ikiwa kupwa ni mita 0.4, kasi ni mita 0.5 kwa saa, na saa ni 2, msomaji wa kushoto kwenda kulia atapata mita 1.8. Jahazi lihitajilo mita 1.6 litaruhusiwa kupita, nalo litapanda mwamba, kwani jibu sahihi ni mita 1.4. Mwanafunzi anayeijua MAGAZIJUTO huliona kosa mara moja. Mashine sharti ifundishwe.

Njia mashuhuri ilielezwa na Mholanzi Edsger Dijkstra mwaka 1961, kwa mfano wa mabehewa yanayopangwa upya katika njia za reli. Namba huwekwa katika rundo moja na alama katika jingine. Kilichowekwa mwisho hutolewa kwanza. Alama * ina nguvu kuliko +, hivyo hukaa juu yake. Mtajo ukiisha, * hutolewa: 0.5 mara 2 ni 1. Kisha + hutolewa: 0.4 na 1 ni 1.4.

Godot, injini ya michezo ambayo msimbo wake uliwekwa wazi mwaka 2014, hutenganisha kazi mbili: kuchambua maandishi, kisha kukokotoa. Uchambuzi hufanywa mara moja tu. Maji yanapopanda, thamani mpya hutiwa katika mtajo uleule.

Zipo lugha, kama Python na JavaScript, zenye amri ya kutekeleza maandishi yoyote kama programu. Ni njia fupi, lakini ya hatari: mwenye nia mbaya aweza kuandika amri ya kufuta mafaili mahali pa hesabu. Yafaa zaidi mchezo utambue majina machache yaliyoidhinishwa tu. Mchezaji akiandika “kasii”, injini isikisie sifuri. Itoe taarifa ya kosa, na jahazi libaki nangani.