Kura Tatu za Msomi

Machi 1957, Waafrika wa Kenya walipowachagua wajumbe wao katika Baraza la Kutunga Sheria kwa mara ya kwanza, mpigakura mmoja aliweza kupewa hadi kura tatu kwa kutegemea elimu, mali na utumishi wake. Fukara asiyesoma hakuwa na hata moja. Kumbe mizani hiyo iliyopendelea vyeti ndiyo iliyompa kiti cha Nairobi Tom Mboya, kijana wa miaka 26 asiye na shahada, mkaguzi wa afya aliyefunzwa Jeanes School, Kabete. Aliyeshindwa ni Argwings-Kodhek, tena wakili!

Mwaka 1961 Mboya alimbwaga Dkt. Munyua Waiyaki katika Nairobi Mashariki, ambako Waluo wenzake walikuwa wachache. Wanaoshikilia kwamba Mkenya huchagua kabila lake tu watueleze kura zile zilitoka wapi. Jibu langu ni kwamba wafanyakazi walimjua: aliongoza shirikisho la vyama vyao na kuwatetea hata enzi za Hali ya Hatari.

Tarehe 5 Julai 1969 alipigwa risasi katika Government Road, ambayo sasa ni Moi Avenue. Sanamu yake, iliyozinduliwa mwaka 2011, imesimama karibu na hapo, na wanafunzi huipita wakikimbilia matatu.