Uaxactún: Kijiji Kati ya Magofu ya Wamaya

Kaskazini mwa Guatemala, mkoani Petén, watalii wengi huishia Tikal. Ukiendelea mbele kwa njia ya udongo, kama kilomita 23 ndani ya msitu, unafika Uaxactún. Kinachokupokea kwanza ni uwanja mrefu wa nyasi wenye nyumba pande zote mbili. Farasi wanakula, watoto wanacheza mpira. Zamani ndege zilitua hapo kuchukua chicle, utomvu wa mti wa chicozapote uliotumika kutengenezea chingamu huko Marekani. Wagema walipanda miti kwa kamba, wakachanja magome kwa panga, kisha wakauchemsha utomvu mpaka ukashikana kuwa mabonge. Kijiji kilizaliwa na kazi hiyo.

Magofu yako kila upande wa uwanja. Mashariki kuna piramidi yenye nyuso kubwa zilizofinyangwa kwa chokaa kwenye ngazi zake. Simama juu yake ukitazama mawio, utaona mahekalu matatu yamejipanga mstari mmoja. Siku ndefu kuliko zote jua huchomoza upande wa hekalu la kaskazini. Siku fupi kuliko zote, upande wa lile la kusini. Mchana na usiku vikilingana, huchomoza katikati. Wamaya waliisoma kalenda yao angani bila chombo chochote cha chuma. Magharibi kuna nguzo za mawe zilizochongwa, mojawapo ikiwa na tarehe ya mwaka 328. Wachimbaji wa Taasisi ya Carnegie walifanya kazi hapa kuanzia 1926 hadi 1937.

Lakini kinachonigusa zaidi ni wanakijiji wenyewe. Wengi huzungumza Kihispania, na maisha yao yanategemea msitu: huchuma majani ya xate yanayouzwa nje kwa wapambaji wa maua, hugema chicle, huvuna mbao kwa kipimo. Mto hakuna, maji ni ya mvua. Mwaka 2000 serikali iliwakabidhi zaidi ya hekta 80,000 wazitunze na kuzitumia. Kwa kulinganisha, Laguna del Tigre, hifadhi ya taifa isiyoruhusu uvunaji, imepoteza misitu mingi kwa moto na malisho ya ng'ombe. Lakini msitu wa Uaxactún bado umesimama.

Ukijaliwa kufika Tikal, ongeza siku moja. Lala Uaxactún, kula kwa mama wa kijijini, na umlipe mwenyeji akutembeze. Fedha hiyo inalinda msitu na magofu kwa pamoja.