Kila Kipande na Historia Yake: Udhibiti wa Ubora katika Ujenzi wa Vigunduzi vya Kisayansi

Katika eneo la Msuka, kaskazini-magharibi ya kisiwa cha Pemba, yapo magofu ya msikiti wa kale. Ndani ya mihrabu yake umechorwa mwaka 816 wa Hijria, unaolingana na mwaka 1413 au 1414 wa Miladia. Maandishi hayo ni machache mno, lakini mtaalamu wa mambo ya kale huyathamini sana. Magofu mengi ya pwani yetu hayana tarehe, na umri wake hukadiriwa kwa kulinganisha vigae na mitindo ya ujenzi. Hapa, aliyechora mwaka huo ametuachia ushahidi kwamba wakati ule mihrabu ilikwisha kusimama.

Kitu kinachobeba historia yake chenyewe huaminika kuliko kisichokuwa nayo. Kanuni hiyo ndiyo msingi wa kazi ambayo wanafunzi wa sayansi hawaisikii mara nyingi darasani, nayo ni udhibiti wa ubora na ufuatiliaji wa vipande wakati wa kujenga vigunduzi vya kisayansi. Vitabu vya fizikia hutueleza kilichogunduliwa, na aghalabu havitwambii ni kwa nini chombo kilichogundua kiliaminika.

Satelaiti yenye jina la Kiswahili

Mfano ulio karibu nasi ulitokea katika pwani hii hii. Tarehe 12 Desemba 1970, roketi ya aina ya Scout iliruka kutoka jukwaa la San Marco, lililosimamishwa baharini karibu na Malindi nchini Kenya, zaidi ya kilomita 200 kaskazini ya Msuka. Roketi hiyo ilibeba satelaiti ya kwanza duniani iliyotengenezwa mahsusi kwa kuchunguza eksirei zitokazo angani. Kwa kuwa siku hiyo Kenya ilikuwa inaadhimisha miaka saba ya uhuru wake, satelaiti hiyo ilipewa jina la Uhuru. Mradi uliongozwa na mhandisi Marjorie Townsend wa shirika la NASA la Marekani. Uchunguzi wa kisayansi uliongozwa na Riccardo Giacconi, ambaye mwaka 2002 alikuwa miongoni mwa waliotunukiwa Nishani ya Nobel ya fizikia.

Vigunduzi vya Uhuru vilikuwa chemba za gesi zenye madirisha membamba ya metali ya berili. Ndani ya chemba ya namna hiyo hupita waya mwembamba wenye volti nyingi. Eksirei inapoingia huzing'oa elektroni kutoka katika atomi za gesi. Elektroni hizo huvutwa na waya, na kadiri zinavyoukaribia huzing'oa nyingine nyingi zaidi. Matokeo yake ni mshituko mdogo wa umeme, ambao ukubwa wake unawiana na nishati ya eksirei iliyoingia. Satelaiti ilikuwa na seti mbili za chemba, kila moja ikiwa na eneo la sentimita mraba 840, zikitazama pande mbili zilizokabiliana.

Sasa tujiulize: ni mambo gani yangeweza kuharibika? Kama gesi ingevuja kidogo, ukubwa wa mshituko ungebadilika, na nishati ingesomwa visivyo. Kama waya ungekuwa mnene zaidi sehemu moja kuliko nyingine, chemba moja ingetoa majibu mawili kwa eksirei za nishati moja. Kama dirisha lingekuwa nene kupita kipimo, eksirei dhaifu zisingeingia kabisa. Na satelaiti ikisha kurushwa, hakuna fundi awezaye kuifuata na bisibisi.

Uhuru ilipoonyesha kwamba nyota iitwayo Centaurus X-3 inatoa eksirei kwa mapigo, pigo moja kila baada ya sekunde 4.8 hivi, swali la kwanza la mwanasayansi lilikuwa hili: je, mapigo haya ni ya nyota au ni ya chombo? Asiyekijua chombo chake barabara hawezi kulijibu. Kazi ya satelaiti hiyo ilimalizika mwaka 1973, na orodha ya mwisho ya matokeo yake, iliyotolewa mwaka 1978, ilikuwa na vyanzo 339 vya eksirei.

Kupima, na kumpima mpimaji

Chemba za namna hii hupimwa kwa chanzo kinachojulikana. Kimojawapo ni chuma-55, chuma chenye unururifu kinachotoa eksirei za nishati ya kiloelektronivolti 5.9. Chemba nzuri ikiwekewa chanzo hicho lazima itoe mshituko wa ukubwa unaotarajiwa, leo na mwezi ujao. Lakini chanzo chenyewe huzeeka, kwani nusu ya atomi zake hubadilika katika muda wa miaka 2.7 hivi. Kwa hiyo fundi anayehesabu mishituko bila ya kujua tarehe ya chanzo anaweza kuilaumu chemba isiyo na kosa.

Hatari ya kumwamini mpimaji bila ya kumpima ilidhihirika mwaka 1990. Darubini ya anga ya Hubble ilirushwa mwezi Aprili mwaka huo, na baada ya wiki chache ikafahamika kwamba picha zake zina ukungu. Kioo chake kikuu, chenye kipenyo cha mita 2.4, kilikuwa kimesuguliwa kwa ustadi wa hali ya juu, ila kwa umbo lisilo sahihi. Ukingo wake ulizidi kuwa bapa kwa mikroni 2 hivi. Chanzo kilikuwa chombo cha kupimia, ambacho lenzi yake moja ilikaa milimita 1.3 nje ya mahali pake. Jambo la kusikitisha zaidi ni kwamba vipimo vingine, vilivyofanywa kwa vyombo vya namna tofauti, viliionyesha kasoro hiyo kabla ya darubini kuondoka duniani. Vilipuuzwa, kwa kudhaniwa kuwa havina usahihi wa kutosha. Wanaanga walipelekwa kuirekebisha mnamo Desemba 1993.

Hesabu ya hatua nyingi

Mwanafunzi anaweza kuuliza: kwa nini kujisumbua kiasi hicho, ikiwa mafundi ni hodari? Hesabu ndogo itamjibu. Tuchukulie kipande kinachopita katika hatua 50 za utengenezaji, na kila hatua inafanikiwa mara 99 katika 100. Vipande vitakavyotoka vizima ni 0.99 kwa kipeo cha 50, yaani 0.605. Takriban vipande 40 katika kila 100 vitaharibika, ingawa hakuna hata hatua moja iliyofanywa ovyo! Kila hatua ikifanikiwa mara 999 katika 1,000, vitakavyopona vitakuwa 95 katika 100.

Hapo ndipo chati ya udhibiti inapohitajika. Iliasisiwa na Walter Shewhart nchini Marekani mwezi Mei 1924. Vipimo vya kila siku huchorwa kwa mfuatano, pamoja na mstari wa wastani na mipaka miwili iliyo umbali wa mikengeuko sanifu mitatu juu na chini. Mabadiliko ya bahati nasibu huvuka mipaka hiyo mara chache mno, kiasi cha mara 3 katika 1,000. Nukta ikivuka, fundi husimama na kutafuta sababu kabla ya vipande vibovu kurundikana.

Nambari, tarehe na mkono

Vigunduzi vya siku hizi vimekuwa vikubwa sana. Kigunduzi cha ATLAS, katika kituo cha CERN karibu na Geneva, kinatengenezewa sehemu mpya ya ndani yenye vipande karibu 18,000 vya mabamba ya silikoni yenye mistari, vinavyoundwa na taasisi za nchi nyingi. Kila kipande kina nambari yake katika hifadhidata moja. Humo huandikwa silikoni ilitoka kundi gani, gundi ilipakwa lini, kipimo kilifanywa wapi, na matokeo yalikuwaje.

Faida ya utaratibu huo ilionekana wakati wa maandalizi ya uzalishaji. Baadhi ya mabamba, yalipobandikwa mahali pake na kupozwa hadi nyuzi kadhaa za Selsiasi chini ya sifuri, yalipasuka. Uchunguzi ulionyesha kwamba silikoni na sakiti zilizogandishwa juu yake hazisinyai kwa kiasi kimoja zinapopata baridi, na hivyo silikoni huvutwa hadi kufikia kikomo chake. Dawa iliyobuniwa ni kuweka tabaka laini kati ya hivyo viwili ili lipokee mvutano huo. Pasipo kumbukumbu za kila kipande, ingekuwa vigumu mno kutenganisha kosa la fundi na kosa la usanifu; na fundi asiye na hatia angebeba lawama.

Kwa mwalimu na mwanafunzi

Misingi ya kazi hii haihitaji maabara ya kifahari. Mkulima wa Msuka anayeanika karafuu juu ya majamvi anajua kwamba zikinyeshewa zitapauka na kushushwa daraja. Basi wanafunzi na wachukue mafungu 20 ya karafuu mbichi yenye uzito sawa. Kila fungu lipewe nambari, tarehe ya kuchumwa na jina la aliyelianika. Walipime uzito kila jioni mpaka likauke, kisha wachore chati ya uzito wa mwisho wa mafungu yote pamoja na wastani na mipaka yake. Mizani ipimwe kila siku kwa jiwe moja lile lile. Fungu likivuka mpaka, warejee kwenye daftari na kuuliza: ni siku ipi, jamvi lipi, mizani ipi?

Sharti ni moja tu: kipimo kisichopendeza kisifutwe. Kipigiwe mstari ili kisomeke bado, na pembeni iandikwe sababu pamoja na saini ya mwandishi. Kijana atakayezoea hivyo akiwa kidato cha pili amekwisha kuanza kazi ambayo vituo vikubwa vya utafiti duniani huwatafutia watu wa kuaminika, kwa sababu chombo ghali kiasi gani hakiwi na ukweli zaidi ya daftari la waliokijenga.