Mhunzi wa Yosemite: Tajiriba ya Mwenye Kampuni na Uvumbuzi Usiodhuru Mazingira

Mara nyingi husemwa kwamba mkuu wa kampuni aliyepata tajiriba ya mazingira huielekeza biashara yake kwenye uvumbuzi usioharibu maumbile. Kauli hiyo ni kweli, ila haitoshi: yafaa kuuliza ni tajiriba ya namna gani. Mfano wa Mmarekani Yvon Chouinard wasaidia kujibu.

Mwaka 1957 kijana huyo, aliyekuwa mkwezi wa majabali, alinunua tanuri kuukuu la mhunzi, akajifundisha kufua vyuma. Alitengeneza misumari migumu ambayo wakwezi huipigilia katika nyufa za mwamba ili kufungia kamba. Misumari ya Ulaya, iliyokuwa ya chuma laini, ilipigiliwa mara moja ikaachwa papo hapo. Ile ya Chouinard iling'olewa na kutumiwa tena na tena. Ubora huo ndio uliokuwa dhara lake, kwani kila kupigilia na kung'oa kulizidi kuumega ufa. Kufikia mwaka 1970 kampuni yake iliwatangulia wote nchini Marekani katika kuuza vyombo vya kukwelea, na misumari ndiyo iliyokuwa tegemeo lake. Hata hivyo, alipoupanda tena mwamba wa El Capitan, huko Yosemite, akaona jinsi nyufa zilivyochakaa, yeye na mshirika wake Tom Frost waliamua kuiacha misumari. Katika orodha ya bidhaa ya mwaka 1972 walitoa badala yake vipande vya alumini vinavyopachikwa kwa mkono, bila nyundo.

Kiswahili chasema «uzoefu», kutokana na kuzoea. Na aliyezoea, kwa kawaida, haoni tena. Chouinard aliona kwa sababu mfuaji wa msumari na mpandaji wa mwamba walikuwa mtu mmoja. Meneja asomaye hesabu tu angaliona misumari yauzika vizuri.

Lakini tajiriba hiyo haikuhamia kwingine yenyewe. Patagonia, kampuni yake ya mavazi iliyoanzishwa mwaka 1973, iliendelea kwa miaka mingi kutumia pamba iliyolimwa kwa dawa kali. Mwamba aliujua, shamba la pamba hakulijua. Ilibidi wafanyakazi wa duka la Boston waumwe vichwa, mwaka 1988, kwa fomaldehidi iliyotoka katika nguo, ndipo uchunguzi uanze. Mwaka 1994 kampuni iliamua kutumia pamba isiyotiwa kemikali pekee, na tangu mwaka 1996 ikafanya hivyo, ingawa gharama ilipanda. Wafanyakazi waliosita walipakiwa katika mabasi, wakapelekwa bonde la San Joaquin, California, wakanuse wenyewe harufu ya mashamba yale.