Paka Mkongwe Naye Ana Haki ya Kutibiwa

Kuanzia Lamu hadi Vanga hakuna mtaa usio na paka. Hulala barazani, hula vichwa vya samaki, na hata msikitini hafukuzwi, kwani Mtume (S.A.W.) alitufundisha kwamba paka si najisi. Lakini akishapita miaka kumi, akakonda na kuota uvimbe, husikika neno moja tu: "Mwacheni, uzee huo."

Mara nyingi si uzee. Ni saratani, maradhi yale yale yanayotupata sisi.

Mtazame paka mweupe. Masikio na pua yake havina rangi ya kumkinga, na jua la Pwani, bila shaka, halina huruma. Huanza ukoko mdogo kwenye ncha ya sikio, ukadhani amekwaruzwa na shume. Ukoko hutoka, hurudi, mwishowe huwa kidonda kinachotafuna sikio. Akiwahiwa, daktari wa wanyama humlaza kwa dawa ya usingizi na kukata sehemu ile, na wengi hupona. Akicheleweshwa, kisu hakifui dafu.

Jike naye apapaswe matiti. Uvimbe wa hapo, kwa paka, mara nane au tisa katika kumi huwa ni saratani.

Kuna watakaocheka: pesa za daktari kwa paka, na ada ya skuli haijalipwa? Swali hilo si la kipuuzi. Lakini hakuna aliyesema nyumba iuzwe. Pengine daktari atatoa dawa ya maumivu tu, naye paka akaishi miezi yake kwa raha. Asipewe Panadol ya nyumbani. Tembe moja yaweza kumwua.

Sote twaijua hadithi ya mwanamke aliyeingia Motoni kwa kumfungia paka, asimlishe wala asimwache ajitafutie. Wetu hatukumfungia, twasema. Ni kweli, ila asiyeweza kuinuka mkekani naye hawezi kujitafutia.

Lipo na la sindano. Maradhi yakishaenea, daktari huenda akashauri paka apumzishwe. Wanavyuoni hawakuafikiana: wako wanaoruhusu kumwondolea mnyama mateso yasiyo na tiba, na wako wanaosema aachwe mpaka ajali yake ifike. Ni bora shehe aulizwe kabla ya kutoka nyumbani, maana daktari atataka jawabu pale pale, paka akiwa mezani.